Hodi, Bawabu na Foleni: Istilahi za Katizo katika Mikrokontrola



Mimi si mwanaisimu. Kazi yangu ni kufundisha elektroniki, na nilipopata mwaliko wa kuzungumza mbele ya jopo la wataalamu wa Kiswahili nilitaka kwanza kuomba radhi na kukataa. Nilikubali kwa sababu moja tu: nina kosa la kuungama, nalo ni kosa la tafsiri.

Miaka kadhaa iliyopita kundi la wanafunzi wangu lilikuwa likitengeneza chombo kidogo cha kuonyesha mahali mashua ilipo. Chombo hicho kilikuwa na kipokezi cha GPS, kioo kidogo cha kuonyesha maandishi, na mikrokontrola moja, yaani kompyuta nzima iliyofinyangwa katika kipande kimoja cha silikoni. Kipokezi cha GPS huzungumza na mikrokontrola kwa kanuni iitwayo NMEA 0183, iliyotungwa Marekani kwa ajili ya vyombo vya baharini. Wanaisimu watafurahi kusikia kwamba katika kanuni hiyo kila ujumbe huitwa sentensi. Sentensi huanza kwa alama ya dola, hugawanywa kwa mikato, haizidi herufi 82, na karibu na mwisho wake kuna nyota inayofuatwa na tarakimu mbili za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Nikisema herufi hapa ninajumuisha tarakimu na alama zote.

Sentensi hizo hupita katika waya mmoja, biti moja baada ya nyingine. Kila herufi hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufungwa na biti ya kumalizia, hivyo biti nane za data zinakuwa kumi. Kwa kasi ya kawaida ya kanuni hiyo, yaani biti 4,800 kwa sekunde, hupita herufi 480 kwa sekunde, au herufi moja kila milisekunde mbili na kidogo. Kwetu sisi huo ni muda usioonekana. Kwa mikrokontrola yetu, ambayo saa yake ya ndani ilipiga mara milioni 72 kwa sekunde, ni mapigo 150,000. Kuiacha ikae ikitazama waya na kuuliza “imefika? imefika?” ni sawa na kumwajiri mtu asimame mlangoni kutwa akingoja barua moja.

Ndiyo maana pakabuniwa kile ambacho mafundi wetu hukiita intarapti, na ambacho mimi, kwa kufuata maana ya neno la Kiingereza, nilikiita katizo. Herufi inapofika, kipokezi cha waya hutoa ishara; mikrokontrola huacha kazi iliyokuwa ikiifanya, hurukia kipande kingine cha programu, huichukua herufi, kisha hurudi palepale ilipoachia. Kipande hicho cha programu nilikiita kishughulikia katizo. Mniwie radhi, nililiona kuwa jina zuri.

Wanafunzi wakaandika programu yao. Kishughulikia katizo kilikusanya herufi moja moja, na sentensi ilipokamilika kilikokotoa latitudo na longitudo, kisha kikaandika matokeo kwenye kioo. Kuandika kwenye kioo kulichukua kama milisekunde 30. Kipokezi cha GPS nacho hutoa sentensi kadhaa kwa mkupuo kila sekunde, hii ikiikanyaga ile kisigino. Sentensi ya kwanza ikafika nzima. Ya pili ikafika na alama yake ya dola, kisha herufi kama kumi na tatu zikatoweka, halafu mkia. Hali hiyo ikajirudia kwa zile zilizofuata, siku mbili nzima, nasi tukibadilisha nyaya na kulaumu betri.

Sababu ilikuwa hii. Kipokezi cha waya kina kibweta kimoja tu cha kuhifadhi herufi iliyokwisha kufika. Alama ya dola iliingia humo ikatulia. Mikrokontrola ilikuwa bado imo ndani ya kishughulikia katizo, ikichora tarakimu kwenye kioo, na katizo haliwezi kujikatiza lenyewe. Kila herufi iliyofika baadaye ilikuta kibweta kimejaa, ikafutwa na iliyoifuata. Kazi ya kioo ilipokwisha, dola ikatolewa, na sentensi ikaendelea kusomwa kutoka katikati.

Nilimwuliza mmoja wao kwa nini aliweka kazi yote humo. Akanijibu kwa adabu, “Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema hiki ndicho kinachoshughulikia katizo. Mimi nikaona ujumbe ndilo shughuli lenyewe.” Sikuwa na jibu. Alikuwa ameelewa Kiswahili changu barabara.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama tunapounda istilahi tunatafsiri neno au tunatafsiri kitu. Tumefanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini istilahi za kioo cha kompyuta, kama vile faili, hariri na hifadhi, ni istilahi za mtumiaji. Akikosea moja atabofya mahali pengine. Istilahi za tumboni mwa mashine ni za mtengenezaji, na zinamwongoza mkono.

Nianze na katizo lenyewe. Kitenzi katiza kina kasoro mbili kwa kazi hii. Kwanza, kinabeba ufidhuli: anayekatiza mazungumzo ya wakubwa hana adabu. Pili, na hili ni zito zaidi, kilichokatizwa si lazima kiendelee. Safari iliyokatizwa huenda ndiyo imekwisha. Katika mikrokontrola yenye kiini cha aina ya Cortex-M3, kama ile yetu, mambo ni kinyume kabisa. Kabla ya kurukia kipande kingine, mashine yenyewe huhifadhi rejista nane za kazi iliyoachwa, katika mizunguko 12 ya saa, yaani chini ya robo ya mikrosekunde. Ikirudi, kazi ile haina habari kwamba iliachwa. Huko si kukata. Ni kuweka kidole kwenye ukurasa na kwenda kufungua mlango.

Na mlangoni tuna neno letu: hodi. Mgeni hubisha hodi wala haingii mwenyewe. Mwenyeji akiwa katika jambo lisiloahirishika, hodi hungoja; ndivyo ilivyo pia programu inapoyafungia makatizo kwa muda mfupi. Mwenyeji akichelewa mno, mgeni wa pili hufika na kumkuta wa kwanza bado kizingitini, na hapo ndipo tulipopoteza zile herufi kumi na tatu. Nilipoanza kufundisha kwa neno hodi, sikuhitaji tena kueleza kwa nini mlango hufunguliwa haraka.

Kile kipande cha programu kinachoitika hodi sikukiita tena kishughulikia. Nilikiita bawabu. Bawabu hupokea mzigo, huuweka mahali pake, humwita mwenye nyumba, basi. Bawabu hapiki. Mwanafunzi akiniletea bawabu anayekokotoa longitudo, darasa zima hucheka kabla sijasema neno.

Sasa, mzigo huwekwa wapi, na mwenye nyumba ni nani? Hapa ndipo unapoingia mfumo endeshi wa aina inayoitwa ya wakati halisi. Mmojawapo unaotumika sana ni FreeRTOS, ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003. Mfumo huu huigawa programu katika shughuli kadhaa, kila moja na kipaumbele chake, na mratibu huamua ipi ishike mashine. Kati ya bawabu na shughuli huwekwa foleni. Bawabu anatia herufi kwenye foleni. Shughuli ya kusoma sentensi inalala hadi kuwe na kitu cha kuchukua. Shughuli ya kioo, yenye kipaumbele cha chini, inachora polepole, na kila herufi ikija inaachishwa kalamu kwa nukta ndogo kisha inarudishiwa. Kuchora kuliendelea kuchukua milisekunde 30 zilezile. Hakuna tulichokiharakisha, na herufi hazikupotea tena.

Shughuli inayolala namna hiyo vitabu vya Kiingereza huieleza kwa neno lenye maana ya kuzuiwa. Tukisema imezuiwa, Mswahili atatafuta kosa lake. Tuseme inangoja. Tofauti hii si ndogo, kwa kuwa FreeRTOS ina kanuni kali: shughuli inaruhusiwa kungoja, bawabu haruhusiwi kamwe. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa aina mbili za amri za foleni, moja ya shughuli na nyingine, yenye jina tofauti, ya kutumiwa na bawabu. Ile ya bawabu ikikuta foleni imejaa haisubiri. Inarudi papo hapo na kusema imeshindwa. Mtu anayesimama mlangoni hawezi kukaa akingoja kiti, huku wengine wanabisha.

Nimelitaja neno wakati halisi, nami sina raha nalo. Kila mwaka wanafunzi hunieleza kwamba mfumo wa wakati halisi ni mfumo wa kasi. Sivyo. Ni mfumo ambao jibu likichelewa limeharibika, hata likiwa sahihi. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kisha kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Haikuwa kwa sababu ya uzito wa kazi. Shughuli ndogo ya hali ya hewa ilikuwa imeshika ufunguo uliohitajiwa na shughuli muhimu, na shughuli za kati zikaipita ile ndogo kabla haijauachia ufunguo. Kubwa ikakosa miadi yake, na mlinzi wa mfumo akaanzisha kila kitu upya. Wahandisi walirekebisha kutoka duniani kwa kumruhusu mwenye ufunguo aazimwe kipaumbele cha anayeungoja. Ningependa istilahi itakayobeba miadi. Mfumo wa miadi, pengine. Wenzangu wa uhandisi wameicheka. Ninyi msiicheke upesi.

Neno jingine ni sanjari. Kwa mabaharia sanjari ni vyombo kuandamana, kimoja nyuma ya kingine, na hivyo ndivyo biti zinavyopita katika waya mmoja. Lingekuwa jina kamili la mawasiliano haya, likisimama mkabala na sambamba. Lakini magazeti yametuzoesha “sanjari na” kwa maana ya pamoja na, na mwanafunzi akilisikia huona biti nane zikienda bega kwa bega. Nimeliacha kwa masikitiko, natumia mfuatano.

Najua hoja mtakayonirudishia kuhusu hodi. Ni kiingizi, hakinyambuliki. Katiza hutupa katizo, ukatizaji, katizwa, katizika. Hodi hukaa peke yake na kutegemea kitenzi kubisha, ambacho nacho kina ubishi wake. Aidha, kuna katizo ambalo si mgeni: saa ya mfumo, ambayo mara nyingi hupangwa kupiga kila milisekunde moja ili mratibu aangalie zamu imefika kwa nani. Saa haibishi hodi. Iko ndani ya nyumba. Kwa hiyo katika maandishi yangu ya darasani nimebakiza katizo kama jina la jumla, na hodi kwa yale tu yanayotoka nje, kwenye waya, kwenye kitufe, kwenye kipimajoto. Bawabu nimembakiza kwa yote mawili, ingawa bawabu wa saa ni mtu wa ajabu kidogo.

Orodha yangu ya istilahi arobaini na mbili nimeiacha kwa Mheshimiwa Mwenyekiti. Zilizopigiwa mstari ni zile ambazo wanafunzi wangu walizikataa, na kando yake nimeandika sababu walizotoa. Ningeomba tuanzie hizo katika muda wa maswali.