Kukabidhi Shule: Funzo kutoka Masasi na Newala

Hotuba ya mwalimu mstaafu kutoka Masasi, mgeni wa usharika, siku ya kufunga muhula na kukabidhiana uongozi wa shule, katika mwaka wa jubilei ya miaka 100



Namshukuru Mungu aliyenifikisha hapa salama kutoka Masasi, nami nawashukuru ninyi kwa kunikaribisha. Mimi ni Mwanglikana. Kwetu mtaa ni kile ambacho ninyi mwakiita usharika, na kwenu mtaa ni sehemu ya usharika. Hivyo jana mlipoutaja mtaa nilidhani mmegawanyika, kumbe mmeongezeka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sina dawa niliyokuja nayo, ila nina habari za kwetu, nazo huenda zikafaa kwa siku kama ya leo.

Tumesikia taarifa ya muhula. Tumesikia habari za mitihani, za kisima, za bweni ambalo bado halijaezekwa. Tumemwona Mkuu wa Shule anayestaafu akikaa kiti kimoja na mwenzake anayeshika nafasi yake. Mliniomba niseme juu ya shule za Kikristo za Masasi na Newala. Nimeona vema niseme juu ya jambo moja tu katika habari hizo, yaani namna uongozi unavyopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kinachoweza kuanguka chini wakati wa kupokezana.

Mwanzo wa kazi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akashuka Lindi, akapanda bara pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa. Nia ya Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, lakini watu wale walipata makao chini ya milima ya mawe ya Masasi, wakajenga. Shule ya kwanza ya kwetu, basi, ilianza kwa watu waliokuwa wameuzwa kama bidhaa. Naomba wanafunzi walikumbuke hilo kila waonapo daftari ni mzigo.

Mwaka 1882 Wangoni walishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Ndipo kituo kikuu kikahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ukingo ambako mtu husimama akalitazama bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Wenzetu wa huko wanajua kwamba uwanda ule una hewa nzuri na udongo mzuri, lakini maji ni ya kuteremkia bondeni. Kwa miaka mingi mtoto wa kike wa Newala alianza siku yake kwa kupanda mlima na mtungi kichwani. Aliyefika darasani amechelewa hakuwa mvivu. Alikuwa amekwisha kufanya kazi ya siku nzima.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika kwetu, na Masasi ikachomwa tena. Ndugu zetu Wakatoliki walipoteza vituo vya Lukuledi na Nyangao, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza kazi Ndanda. Sisi nasi tulijenga upya. Mara mbili katika muda usiofika robo karne shule ilibaki majivu, na mara mbili watoto walirudi kuketi. Majengo yalikuwa yamekwisha kuungua. Kilichowarudisha ni kwamba alikuwapo mtu aliyewafahamu kwa majina, akawaita.

Walioachiwa kazi

Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali kijana aliyeitwa Cecil Majaliwa. Alikuwa ameonja utumwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani kule Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika Misheni ile. Alifundisha, alibatiza, alijenga watu katika nchi ya Wayao.

Sasa naomba mhesabu pamoja nami. Padre wa kwanza Mwafrika ni 1890. Mwafrika wa kwanza kuiongoza Dayosisi ya Masasi, Askofu Hilary Chisonga, ni 1968. Kati yake ni miaka 78. Dayosisi yenyewe ilianzishwa 1926, na askofu wake wa kwanza alikuwa Vincent Lucas, mtu tunayemheshimu sana. Lakini miaka 78 ni vizazi vitatu vya watu walioambiwa wangoje kidogo. Mwaka 1968 Askofu Trevor Huddleston, aliyeiongoza dayosisi tangu 1960, aling'atuka kwa sababu aliamini kwamba wakati umefika Mwafrika ashike. Alikuwa bado na nguvu, naye aliendelea kuwa askofu kwingine kwa miaka mingi. Aliondoka angali akiweza, na hilo ndilo funzo lenyewe.

Ninyi Walutheri mnayo habari inayofanana na hiyo. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, wamisionari wetu Waingereza waliwekwa kizuizini na serikali ya Kijerumani hadi 1916. Mapadre na walimu Waafrika wakabaki na makanisa na shule. Vita vilipokwisha, wamisionari wenu Wajerumani waliondolewa, na wazee wenu nao wakabaki na kazi. Mwaka 1939 yakawapata hayo mara ya pili. Usharika uliotimiza miaka 100 bila shaka umepitia kipindi ambacho mwalimu mmoja, bila mshahara, alishika ubao asubuhi na kitabu cha ibada jioni. Hakuna aliyefanya sherehe ya kumkabidhi. Aliamka siku moja akakuta wakubwa hawapo. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa 1963, lilisimama juu ya mabega ya watu wa namna hiyo.

Shule zilipochukuliwa

Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969, na kuanzia 1970 shule za makanisa zilizokuwa zikisaidiwa na serikali zikawa za taifa. Kwetu Chidya, shule iliyokuwa fahari ya dayosisi, ikawa ya serikali. Ndanda vivyo hivyo. Wako waliolia, na wako walioshangilia kwamba sasa mtoto wa Mwislamu, wa Mkatoliki na wa Mwanglikana ataingia kwa mlango mmoja. Mimi sitaki kuwahukumu. Ninalotaka kusema ni kwamba ilikuwa makabidhiano makubwa kuliko yote, nayo yalitufundisha kutenganisha hati ya kiwanja na wito. Hati ilikwenda. Wito haukuchukuliwa na mtu, ila mahali pengine sisi wenyewe tuliuacha, tukasema shule si yetu tena, hatuna habari nayo. Kumbe watoto walikuwa walewale, na nyumba walizotoka ni zile tulizozitembelea Jumapili.

Baada ya sera ya elimu ya mwaka 1995 milango ilifunguka kwa upana, na makanisa yakaanza tena kujenga sekondari. Tumepewa nafasi ya pili. Swali ni kama tumejifunza.

Kosa langu mwenyewe

Naombeni sasa ruhusa niseme habari yangu. Niliwahi kuwa mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja. Siku ya kukabidhi nilijivuna kwamba mambo yangu yako sawa. Leja ya vifaa ilikuwa safi. Madawati yalihesabiwa, vitabu vikahesabiwa, funguo zikapangwa kwa namba, taarifa ya benki ikasainiwa. Mwenzangu akapokea, tukapiga picha, tukala pilau.

Kulikuwa na jambo ambalo halikuwa katika leja. Walikuwako watoto watano ambao wazazi wao tulikubaliana kwa mdomo kwamba watalipa ada wakiuza korosho. Mnajua kwamba korosho kwetu huvunwa mwishoni mwa mwaka, na fedha yake haifiki siku ile ile. Ipo miaka imefika kwa taabu; ule msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho yenyewe, wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Mkuu wa shule asiyeijua kalenda ya korosho atamwita mkulima mdaiwa sugu, kumbe ni mtu mwaminifu ambaye gunia lake liko ghalani.

Mimi niliijua kalenda hiyo. Sikumwambia mwenzangu. Haikuwa kwa ubaya. Nilisahau, kwa kuwa jambo lenyewe lilikaa kichwani mwangu tu. Wiki ya kwanza ya muhula, kwa agizo la bodi, aliwarudisha nyumbani wote wenye madeni. Hakukosea, alifuata karatasi niliyompa. Wanne walirudi baada ya mavuno. Wa tano, msichana, hakurudi.

Baada ya miaka miwili nilikutana naye sokoni akiuza mihogo, mtoto mgongoni. Alinipisha njia, akainama, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Niliitikia marahaba, na sauti yangu haikutoka vizuri. Hakunilaumu. Nadhani hakujua hata kwamba palikuwa na la kunilaumu. Alidhani ndivyo dunia ilivyo.

Tangu siku ile sihesabu tena madawati nikasema nimekabidhi shule.

Mambo matatu ninayoomba

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wa mgeni, naomba mambo matatu.

La kwanza, Mkuu wa Shule anayestaafu asiondoke kabla hajaandika daftari la pili, lisilo la vifaa bali la watu. Aandike ni nani yatima, ni nani anaishi na bibi asiyeona, ni nani baba yake aliahidi kulipa lini na kwa zao gani. Mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, lakini shule za Kanisa bado zinaishi kwa ada, na kwa sababu hiyo zinahitaji zaidi kujua umaskini wa kweli na uzembe vinatofautianaje. Daftari hilo lifungiwe, lisomwe na wawili tu, naye Mchungaji awe wa tatu.

La pili, leo tunafunga muhula. Kwetu likizo ndiyo majira ya jando na unyago. Vincent Lucas, tangu akiwa padre pale Masasi, hakulipiga vita jando. Aliliingiza ndani ya Kanisa, kwa sababu aliona kwamba mtoto atafundishwa utu uzima tu, iwe na sisi au bila sisi. Sijui desturi zenu hapa, lakini najua kwamba kila mahali likizo ni mahali ambapo mtoto wa kike anaweza kupotelea. Basi siku ya kufungua muhula, kabla ya kuwapongeza waliofaulu, isomwe orodha ya ambao hawakurudi, na kila jina apewe mzee wa Kanisa mmoja wa kwenda nyumbani kuuliza. Usharika wenye mitaa na wazee haushindwi kufika katika nyumba chache.

La tatu nawaambia ninyi mnaopokezana. Wewe unayeondoka, ondoka kweli. Usikae kibarazani ukisikiliza walimu wanaokuja kumshtaki mwenzako. Musa alipanda mlima akaiona nchi, na Yoshua ndiye aliyewavusha watu. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, wala mlima haukuwa adhabu kwa watu aliowaacha. Nawe unayepokea, usianze kwa kubadili sare na rangi ya ukuta ili watu wajue mwenye nyumba ni mpya. Muhula wa kwanza uliza. Kaa na mpishi, kaa na mlinzi, kaa na mama anayefagia. Wao ndio wanaojua ni mtoto gani halali bwenini bila kulia.

Hitimisho

Wapendwa, miaka 100 ni mikono mingi. Kati ya aliyekisimamisha kibanda cha kwanza cha shule hii na huyu anayepokea funguo leo wamepita watu ambao majina yao hayamo katika kitabu hiki cha jubilei. Na sisi hatutakuwamo katika kitabu cha miaka 200. Hilo lisitusumbue. Jina moja tu litusumbue, la yule mtoto aliyekaa dawati la nyuma muhula huu, ambaye tukifungua atakuwa hayupo. Akirudi, makabidhiano yamefanikiwa. Asiporudi, tutafuteni kosa katika daftari zetu kwanza, kabla ya kulitafuta kwake.

Sisi wa Masasi na Newala tunawapongeza kwa jubilei yenu, na tunawaombea. Mkija kwetu msimu wa korosho, mtakula korosho za kukaanga bila kuhesabiwa.

Mungu aibariki shule hii, awabariki anayeondoka na anayeingia, na awalinde watoto wote njiani kwenda nyumbani na njiani kurudi.

Bwana Yesu asifiwe.