Ushauri Nasaha: Kwa Simu au Ana kwa Ana?

Mazungumzo kwa wakazi wa Rangwe kuhusu afya ya akili



Ushauri nasaha si jambo geni Homa Bay. Kaunti hii imebeba mzigo mzito wa virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi, na wakazi wengi walikutana na mshauri kwa mara ya kwanza katika chumba cha kupimwa. Humo walijifunza kwamba yuko mtu anayeweza kusikiliza bila kuhukumu. Leo mshauri anapatikana pia kwa simu: kwa sauti, kwa ujumbe au kwa video. Wengi wanauliza, ipi bora?

Simu ina faida zake. Mkulima wa Kochia halipi nauli ya bodaboda wala hapotezi siku ya kazi. Hakuna jirani atakayemwona kwenye benchi la hospitali kisha akaenda kusimulia sokoni. Aibu hiyo si jambo dogo. Wanaume wengi hunyamaza na maumivu kwa sababu yake. Utafiti uliofanywa katika nchi kama Uswidi umeonyesha kwamba kwa msongo wa mawazo na wasiwasi usio mkali, tiba ya mtandaoni inayosimamiwa na mtaalamu huleta nafuu inayokaribiana na ya ana kwa ana.

Lakini tiba hiyo inahitaji simu ya mtu binafsi na mahali pa faragha. Katika boma, simu moja hutumiwa na baba, mama na watoto. Chumba kimegawanywa kwa pazia. Kabambe haina video, na bando huisha pale mtu anapoanza kusema lililomleta. Mama anayepigwa nyumbani akimwandikia mshauri, na ujumbe ukasomwa na anayempiga, simu imemwongezea hatari. Kwake yeye, siri iko hospitalini: akimpeleka mtoto kliniki, hakuna atakayeuliza ameenda kufanya nini.

Kuna pia suala la lugha. Mtu akisema kwa Dholuo "chunya chandore", yaani moyo wake unahangaika, mshauri aliye mbali huenda asielewe uzito wa kauli hiyo. Aliyeketi naye huona pia mikono inayotetemeka, mwili uliokonda na alama za kipigo. Wala si lazima msaada wa uso kwa uso utolewe na daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake wa Nairobi waliopitia ukatili walipata nafuu baada ya vikao vitano na wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa.

Basi kila mtu aanze na mlango anaoweza kuufikia kwa usalama. Mwenye huzuni au wasiwasi ambaye bado anafanya kazi, anakula na kulala, na ana mahali pa faragha, anaweza kuanza kwa simu. Anayeona haya anaweza kupiga simu kwanza, kisha akaenda hospitalini akishapata ujasiri.

Wapo wasiopaswa kuachiwa simu peke yake: anayefikiria kujitoa uhai, anayesikia sauti wasizosikia wengine, anayehitaji dawa, aliyezama katika pombe na mtoto aliyedhulumiwa. Hawa wasindikizwe hadi Hospitali ya Rangwe au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Homa Bay, na wasiachwe peke yao njiani.

Kabla ya kulipa pesa mtandaoni, muulize mshauri jina lake kamili na usajili wake. Sheria ya mwaka 2014 inataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Muulize pia nani mwingine anasoma ujumbe wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za afya ya mtu. Anayeahidi kukuponya kwa siku moja, au anayekataa kujitambulisha, mwache.

Jambo moja limebadilika na kila boma lilijue. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Familia isimfiche mgonjwa kwa kuogopa polisi. Impeleke atibiwe.

Nambari hizi hupigwa bila malipo: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na 116 kwa watoto. Ukishapiga, futa nambari kwenye simu mnayotumia pamoja. Usiye na simu, mwambie mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Yeye atakuonyesha pa kwenda.