Mzee wa Benchi

Neno la msingi: Yoshua 14:6-14, 2 Timotheo 4:6-8

 

Leo tunasema juu ya mtu ambaye vijana wetu wa basketi wanamjua vizuri: Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1966. Alikwenda Marekani kusoma, na nia yake ilikuwa kuwa daktari. Kule chuoni Georgetown walitazama urefu wake, mita 2 na sentimita 18, wakamwingiza katika timu. Baadaye akacheza katika ligi yao kubwa, NBA, misimu 18, toka 1991 hadi 2009. Kazi yake hasa ilikuwa kuzuia. Alizuia mipira 3,289, na katika hesabu ya ligi ile ni Hakeem Olajuwon peke yake aliyemzidi. Mara nne alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka.

Lakini wapendwa, leo hatuhubiri sifa hizo. Tunahubiri benchi.

Mwaka 2004 Mutombo alifika katika timu ya Houston. Alikuwa na miaka 38. Nafasi yake uwanjani ilikuwa na mwenyewe: Yao Ming, Mchina mrefu kuliko yeye, tena kijana. Basi yule mlinzi bora mara nne akakaa benchi. Mchezo unaanza, yeye amekaa. Watu wanapiga makofi, wanampigia mwingine. Alikaa hivyo miaka mitano.

Jambo hili likitokea kanisani, sisi tunajua linakuwaje. Tunasema "sisi" kwa makusudi, kwa sababu sisi wahubiri wa redio hii tumo. Mama ameongoza kwaya miaka 20. Siku dada mdogo anapopewa kuongoza, Jumapili inayofuata mama haonekani. Mzee anaombwa kurudisha funguo za kanisa. Anaondoka, na jamaa tatu zinamfuata. Nasi tukipangiwa saa moja asubuhi badala ya saa ya jioni yenye wasikilizaji wengi, nyuso zinabadilika. Katika mji wetu makanisa mengi yamezaliwa kwa uamsho. Je, hakuna yaliyozaliwa kwa kugombania kiti?

Tazameni sasa mzee wa benchi. Mwezi wa tatu 2007, Yao akiwa ameumia, Mutombo aliingia kucheza na Denver, timu ile ile aliyoanzia ujana wake. Alikuwa na miaka 40. Siku hiyo alidaka mipira 22 iliyogonga kikapu na kurudi. Katika ligi ile hakuna mtu wa umri wake aliyewahi kufika hapo. Mwaka uliofuata Houston walikuwa wameshinda michezo 12 mfululizo, mara Yao akavunjika mguu. Wengi wakaona safari imekwisha. Mzee akaingia tena, na timu ikashinda michezo mingine 10, ikawa 22.

Tujiulize: kama miaka ile angekaa amenuna, amekataa mazoezi, siku ya kuitwa mwili wake ungekuwa tayari?

Kalebu naye alikaa benchi. Yeye na Yoshua walipeleleza nchi pamoja, wakaleta habari njema pamoja. Lakini Musa alipokufa, uongozi ukaenda kwa Yoshua. Kalebu hakukusanya watu wake pembeni. Alitembea na timu miaka 45, na akiwa na miaka 85 akaja mbele ya mwenzake akaomba mlima, tena mlima wenye maadui wakubwa. Hakuomba kiti, aliomba kazi. Na nguvu zake zilikuwa bado zipo kwa sababu hakuzimaliza katika manung'uniko.

Mwezi wa nne 2009 goti la Mutombo liliharibika katikati ya mchezo na Portland, na usiku ule akasema yamekwisha. Misimu 18, timu sita, na hakupata ubingwa hata mara moja. Mara mbili alifika fainali, 2001 na 2003, na mara zote mbili timu yake ilishindwa.

Je, alicheza bure? Mama yake, Biamba Marie, aliugua Kinshasa wakati wa vita. Barabara zilikuwa zimefungwa, hawakuweza kumfikisha hospitalini, akafia nyumbani. Watu wa Bukavu, hakuna haja ya kuwaeleza usiku wa namna hiyo. Mutombo alichukua mshahara wa mpira, akatoa dola milioni 15, akachangisha kwa wengine, na mwaka 2006 hospitali yenye vitanda 300 ikazinduliwa Kinshasa kwa jina la mama yake. Hapa kwetu tunaelewa maana yake, sisi tulioona Panzi ikianza mwaka 1999 ili mama zetu wajifungue bila kufa.

Mutombo alifariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024. Habari za roho yake ziko kwa Mungu, si kwetu. Lakini mama anayelala leo katika kitanda kile haulizi mwenye kitanda alianza mchezo au alikaa benchi.

Paulo naye, akiangalia nyuma toka gerezani, hakuhesabu viti. Alihesabu vita alivyopigana, mwendo aliomaliza na imani aliyoilinda.

Basi wiki hii tufanye mambo mawili. Kama kuna ndugu aliyepewa nafasi uliyokuwa nayo, mwendee nyumbani kwake, mwombee kwa jina lake, mfundishe unachojua. Na wewe kijana uliyepewa nafasi, mtafute mzee aliyekaa hapo kabla yako, umwambie asante. Sisi wa redio tutaanza humu ndani.

Tuombe: Bwana, tuondolee uchungu wa kiti. Tuweke tayari kwa siku utakayotuita, na usipotuita mbele ya watu, tutumie mahali wasipotuona. Katika jina la Yesu. Amina.