Kazi ya Msikilizaji: Simu ya Mkononi na Mazungumzo ya Ana kwa Ana

Mhadhara wa umma



Kila nyumba siku hizi ina kesi yake dhidi ya simu. Mama anamlalamikia binti, mwalimu anawalalamikia wanafunzi, mke anamlalamikia mume, na shtaka ni lile lile: watu hawazungumzi tena. Naomba kulirekebisha shtaka hilo. Watu wanazungumza sana, pengine kuliko zamani. Aliyeadimika ni msikilizaji. Hoja yangu ni kwamba mazungumzo ya ana kwa ana ni kazi ya watu wawili. Simu ikiingia kati yao humchukua kwanza yule anayesikiliza, na akishachukuliwa, kauli ya msemaji nayo hudhoofika.

Msikilizaji anafanya nini?

Watambaji wetu wa ngano walilijua jambo hili vizuri. Fanani husema "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Hadhira ikinyamaza, ngano haianzi. Salamu zetu zimejengwa vivyo hivyo: shikamoo hungoja marahaba, habari za nyumbani hungoja jibu, kisha swali humrudia aliyeuliza. Katika mila hizi hakuna anayekaa bure. Anayesikiliza ana zamu yake, na zamu hiyo ikirukwa kila mtu huona.

Watafiti wa lugha wamelipima jambo hili. Mwaka 2009, kundi lililoongozwa na Tanya Stivers lilichapisha matokeo ya kulinganisha lugha 10, kutoka Japani na Laos hadi Mexico na Namibia. Waligundua kwamba mtu akiulizwa swali, kwa wastani huanza kujibu baada ya sehemu kama 2 za kumi za sekunde. Muda huo hautoshi kungoja swali liishe ndipo jibu lianze kutungwa. Maana yake ni kwamba aliyenyamaza yuko kazini: anafuata sentensi, anakisia itaishia wapi, na papo hapo anaandaa la kwake.

Utafiti ninaouthamini zaidi ni ule wa Janet Bavelas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000. Waliwaomba watu wasimulie mkasa ambao nusura uwaletee madhara. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya pembeni: kubonyeza kitufe kila waliposikia neno linaloanza kwa herufi "t". Masikio yao yalikuwa wazi, na kila neno walilisikia. Lakini kuitikia kwao kulipungua, na kilichopungua zaidi ni mwitikio unaotokana na kisa chenyewe.

Hapa panahitaji utulivu kidogo. Msikilizaji ana miitikio ya aina mbili. Upo ule wa jumla, "mh", "enhe", "ndiyo", ambao unafaa popote. Na upo ule unaofaa mahali pake tu: "Lo!" gari linapokata breki, uso kukunjamana pale damu inapotajwa, "ikawaje?" msimulizi anapositasita. Wa kwanza unaweza kutolewa na mtu ambaye akili yake iko kwingine. Wa pili hauwezekani bila kuufuata mkasa hatua kwa hatua. Bavelas na wenzake waliona kwamba msikilizaji akizubaishwa, msimulizi naye huharibu usimulizi wake, hasa mwishoni, pale ambapo mkasa ulitakiwa kufika kileleni. Anazunguka, anaeleza mara mbili, anajitetea kwa nini alikiona kisa kuwa cha kutisha. Jaribio hilo lilifanyika kabla simu janja hazijafika mezani kwetu, lakini anayejibu "mh, mh" huku kidole kikipandisha skrini anafanya kazi ile ile ya kusaka herufi.

Mpaka wenye kona

Niliwahi kuhudhuria kikao cha ukoo huko Kilimanjaro, kilichoitishwa ili mzee awaoneshe vijana mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Wenyeji wa huko wanajua kuwa mpaka huoneshwa kwa mimea iitwayo masale, na masale ya pale yalikwenda moja kwa moja mpaka karibu na mti mmoja wa mringaringa, kisha yakapinda kuelekea kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji. Mzee alisimama pale penye kona. Akaanza: "Hapa sasa, babu yenu na shemeji yake..." Akanyamaza, akatazama nyuso za vijana. Mmoja alikuwa anajibu ujumbe. Wa pili alikuwa amemnyooshea simu akimrekodi, kwa nia njema kabisa, lakini macho yake yalikuwa kwenye skrini kuhakikisha picha imekaa sawa. Wa tatu alikuwa anaangalia kile anachoandika wa kwanza. Mzee akasubiri kidogo, kisha akasema, "Basi, mpaka ni huo," akaendelea na safari.

Rekodi ile ipo. Picha yake ni safi na sauti inasikika. Ndani yake imehifadhiwa sentensi ya maneno manne, na habari ya babu na shemeji yake haimo kwa sababu haikusemwa. Siku mgogoro utakapofika kwenye baraza la ardhi, kitakachoulizwa ni kwa nini mpaka unapinda. Kifaa hunasa kilichotamkwa. Kile ambacho mzee hutamka anapoona jicho linamwuliza "ikawaje?" kinahitaji mtu.

Redio ilikusanya, simu inatenga

Mtu anaweza kusema kwamba kila chombo kipya kililaumiwa hivi hivi. Tuiangalie basi historia yetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa kutumia redio, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi. Walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana juu ya malaria, maji na vyoo, na wakaamua la kufanya kijijini kwao. Teknolojia ile ilileta watu kwenye duara moja na ikawaachia nafasi ya kuzungumza.

Simu imeundwa kwa macho ya mtu mmoja, na inaficha kile anachokifanya mwenye nayo. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya tabia za watu mahali pa hadhara, alieleza jinsi watu waliokutana wanavyodaiana umakini, na jinsi shughuli za pembeni zinavyovumiliwa mradi zisimeze ile iliyo kuu. Anayechambua mchele huku anakusikiliza humwonei shaka: unaiona kazi yake na unajua anaweza kuiacha wakati wowote. Aliyeinamia simu huwezi kumsoma. Huenda anapokea taarifa ya mgonjwa, huenda anatazama mpira. Kwa kuwa hujui, unapunguza maneno, na kupunguza huko ndiyo hasara yenyewe.

Tusizidishe chumvi katika ushahidi. Mwaka 2018 Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti juu ya watu zaidi ya 300 waliokula pamoja na ndugu au marafiki. Waliokaa na simu mezani walizubaika zaidi na wakafurahia mazungumzo pungufu ya wale walioziweka mbali, lakini tofauti haikuwa kubwa. Wapo pia waliodai kwamba simu hata ikilala tu mezani bila kuguswa huharibu uhusiano. Wengine walipolirudia jaribio la aina hiyo hawakupata matokeo yale yale. Kwa hiyo sisemi kwamba simu inavunja undugu kwa mlo mmoja. Nasema inapunguza kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa miaka.

Kwa mtoto mchanga kidogo hicho ni kikubwa. Katika miaka ya 1970 Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao, kisha wakaushe uso kwa dakika chache bila kuitikia lolote. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakafanya kila hila ya kumrudisha mama. Waliposhindwa wakageuza uso. Mtoto hajui neno hata moja, lakini anajua kwamba zamu yake imerukwa. Mzazi aliyezama kwenye simu hakaushi uso kwa makusudi. Mtoto hana namna ya kuijua tofauti hiyo.

Msibani

Nimalizie mifano yangu msibani, kwa kuwa huko ndiko jamii yetu imeweka usikilizaji mwingi kuliko mahali pengine popote. Kila anayeingia hukaa mkekani karibu na mfiwa, hutoa pole, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Ilikuwaje?" Mfiwa husimulia: alianza kulalamika kifua, tukamwahisha hospitali, alfajiri akaomba maji. Anayekuja baadaye huuliza tena, na mfiwa husimulia tena. Mgeni wa nje angeona ni kumchosha. Aliyewahi kufiwa anajua kwamba kadiri anavyosimulia ndivyo tukio linavyoanza kubebeka, kwa sababu kila mara kuna uso mwingine uliolipokea.

Leo habari hutumwa mara moja kwenye kundi la WhatsApp, watu 200 huandika pole, na rambirambi hutumwa kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, aliye mbali anaweza kuchangia sanda na chakula siku hiyo hiyo, na hilo ni jema sana. Shida inaanza pale aliye mtaa wa pili anapotuma mchango na kuhesabu kuwa amefika. Fedha imefika. Mfiwa hajaulizwa ilikuwaje.

Haki ya simu

Haki itendeke pia kwa chombo hiki. Viziwi wanaotumia Lugha ya Alama ya Tanzania walinyimwa simu ya sauti tangu ilipobuniwa. Simu ya video imewapa, kwa mara ya kwanza, mazungumzo ya uso kwa uso na mtu aliye mkoa mwingine. Bibi wa Unguja anamwona mjukuu wake aliye Muscat anavyoota meno. Katika mifano yote miwili mtu amekaa mbele ya skrini kumtazama mwenzake na kumwitikia. Pale simu inapobeba usikilizaji, inafanya kazi njema. Naipinga pale inapouondoa kwa mtu aliye mbele yetu.

Mapendekezo

Kwanza, vyuo na shule. Mitaala yetu inataja stadi 4 za lugha na kusikiliza ndiyo ya kwanza, lakini tunawapima wanafunzi kwa karatasi na kalamu. Tuanze semina ambamo mwanafunzi haruhusiwi kumjibu mwenzake mpaka aieleze upya hoja yake na mwenzake akubali kwamba ameelewa. Wanaohitaji vifaa kwa sababu ya ulemavu wavitumie; wengine waviweke mkobani.

Pili, vyumba vya daktari. Mifumo ya kompyuta ni muhimu, lakini mgonjwa asikilizwe kwanza, taarifa ziandikwe baada ya hapo. Dalili aliyoona aibu kuitaja huja mwishoni, akimwona daktari anamtazama.

Tatu, wanaokusanya historia simulizi, iwe ya taifa au ya ukoo, waende wawili: mmoja arekodi, mwingine asikilize. Kazi hizo mbili hazifanywi vizuri na mtu mmoja.

Nne, nyumbani. Ukilazimika kushika simu mbele ya mtu, mwambie ni nini: "Niwie radhi, ni hospitali." Maneno hayo machache yanaondoa lile fumbo linalomfanya mwenzako apunguze yake. Na sisi wazazi tuanze, kabla ya kuwanyang'anya watoto simu zao.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri fedha wala sheria mpya. Linalotakiwa ni kukubali kwamba kusikiliza ni kazi, tuifundishe, tuipime, na tumheshimu anayeifanya kama tunavyomheshimu msemaji hodari. Wazee wenye habari za kona za mipaka bado wapo. Waendeeni, na mkifika, waulizeni ikawaje.