Namba ya Mashine ya Usiku

Mnamkumbuka kijana Eutiko katika Matendo ya Mitume, sura ya 20. Alikaa dirishani kule Troa, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Sisemi alikuwa mgonjwa. Paulo aliendelea kunena mpaka usiku wa manane, na hilo peke yake linatosha. Lakini mimi nilikuwa Eutiko kila Jumapili hapa Athi River, hata kwa mahubiri ya dakika 10. Vijana wa kwaya waliniachia nafasi kando ya ukuta ili nisianguke.

Kucheka kukaisha siku moja barabarani. Mimi ni dereva wa lori, kati ya hapa na Mombasa. Asubuhi hiyo tulikuwa tukikaribia Salama. Utingo wangu alipiga kelele, nikafumbua macho, magurudumu ya kushoto yameshatoka nje ya lami. Na usiku ule nilikuwa nimelala kitandani kwangu muda wa saa 8 nzima!

Mama watoto ndiye aliyenieleza. Aliniambia, “Wewe hulali, baba. Unakoroma, halafu unanyamaza kabisa, halafu unashtuka kama mtu anayetolewa majini.” Kumbe miaka yote hiyo alikuwa macho, akingoja pumzi yangu irudi.

Nilipimwa hospitalini, nyaya zimebandikwa kichwani na kifuani. Pumzi yangu ilikuwa ikikatika mara 38 katika kila saa. Chini ya mara 5 ni kawaida. Kuanzia 30 ni ugonjwa mzito. Ukilala, nyama za koo hulegea na kuziba njia ya hewa. Ubongo unakosa hewa, unakuamsha kidogo bila wewe kujua, na hivyo hivyo mpaka alfajiri.

Nikapewa mashine ya hewa, yenye mpira na barakoa ya puani. Hiyo haikupumulii. Husukuma hewa kooni ili koo lisijifunge, basi. Msukumo wake hupimwa kwa sentimita za maji. Chukua mrija, utumbukize sentimita 10 ndani ya bilauri ndefu, upulize mpaka povu litoke: hizo ndizo 10. Si nguvu nyingi. Daktari Colin Sullivan alipoijaribu njia hii huko Sydney, Australia, mwaka 1980, alitumia msukumo wa kati ya 4.5 na 10 tu, na makoo ya wagonjwa wake 5 yakakaa wazi. Kabla ya hapo, mwenye ugonjwa mzito alitobolewa shingo apate kupumua.

Namba yangu ilikuwa 9. Wiki za kwanza nilijiona kijana. Kisha usingizi wa mchana ukarudi, na mke wangu akasikia mkoromo tena. Badala ya kurudi kwa daktari nilimwita mtoto wa jirani, hodari wa simu. Alitafuta akaona jinsi ya kufungua ule ukurasa wa madaktari uliofichwa ndani ya mashine. Nikamwambia, “Mwanangu, ongeza.” Akaongeza mpaka 14. Nilifikiri kama kibaba kinasaidia, pishi litaponya.

Ndugu zangu, usiku ule tumbo lilijaa hewa kama ngoma. Barakoa iliinuka usoni ikapiga miluzi, upepo ukaniingia machoni. Kinywa kilikauka. Saa nane za usiku niliivua nikaitupa kando, na usiku wa pili vivyo hivyo. Siku ya nne nilimrudishia tajiri ufunguo wa lori. Sikumwambia sababu. Nyumbani tulikuwa na karo ya watoto wawili.

Ndipo nikaibeba mashine kwa daktari. Sikujua kwamba huweka kumbukumbu ya kila usiku: pumzi zilizokatika, hewa iliyovuja, saa ulizovaa. Alizisoma zote, na ule ujanja wetu wa 14 akauona. Hakunigombeza. Alisema kwa watu wengine msukumo mkubwa mno huufanya hata ubongo usahau kuagiza pumzi. Kisha akaangalia zile siku za 9. Hewa ilikuwa ikivuja sana. Barakoa ilikuwa kubwa kwangu, na ndevu niliziacha zikaota. Chujio nalo! Sisi wa Athi River twalijua vumbi letu la viwanda vya saruji na la malori. Chujio lilikuwa la kijivu, limeganda.

Basi nikapewa barakoa ndogo na chujio jipya, nikanyoa. Na kwa kuwa nilikuwa nimenenepa, alipandisha msukumo, akaweka 10. Baada ya wiki mbili kumbukumbu zilionyesha mara 3 kwa saa.

Unyevu wa hewa mgonjwa huweza kuurekebisha mwenyewe, na pia muda wa mashine kuanza polepole. Msukumo usiuguse. Hata mashine zinazojipandisha na kujishusha zenyewe huwekewa mipaka na daktari. Na wewe uliyeirithi mashine ya marehemu, au uliyenunua ya mitumba, ujue namba iliyomo ni ya koo la mtu mwingine. Uliza pia kama ni ya zamani, maana baadhi ya hizo huhitaji kuwekewa mwinuko wa mahali. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Mombasa ni ufukoni. Ukinenepa au ukikonda sana, ukisikia usingizi wa mchana tena, nenda nayo usomewe. Usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Tajiri alinirudishia ufunguo, kwa barua ya daktari. Mama watoto naye amejifunza kulala, ingawa si kabisa. Juzi aliamka usiku akaniwekea mkono kifuani. Nilipomwuliza kuna nini, alisema, “Kimya kimezidi, nilitaka kuhakikisha tu.” Usiku mwema, wapendwa.