Umeme wa Maji Hautaki Dizeli, Lakini Unataka Grisi

(Mada tuliyoitoa kwenye semina ya kamati za umeme na mafundi wa vituo vidogo vya umeme wa maji)



Mada hii kwa kawaida hupewa dakika tano za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa. Safari hii tumeomba iwekwe kabla ya chai.

Mradi wa umeme wa maji unapoanza kuzungumzwa kijijini, neno linalosikika zaidi ni kwamba maji ni ya bure. Ni kweli, na ndiyo maana misheni kadhaa za Nyanda za Juu Kusini zilijenga mitambo ya namna hii kabla gridi ya taifa haijazifikia, ili hospitali, mashine za kusaga na karakana zipate nguvu. Ipo pia mikubwa zaidi: mtambo wa Tulila katika mto Ruvuma, wa Masista Wabenedikto wa Chipole, ulianza kazi mwaka 2015 ukiwa na megawati 5. Lakini maji yakishaligeuza gurudumu, kuna chuma kinachozunguka juu ya chuma. Hapo ndipo mada yetu inapoanzia.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mwaka una saa 8,760. Gari likienda kilometa 50 kwa saa bila kusimama, usiku na mchana, kwa mwaka litakuwa limetembea kilometa 438,000. Nani kati yetu angethubutu kuliendesha gari hilo bila kubadili oili? Na mashine yetu kule mtoni ndivyo inavyofanya kazi, kwani hospitali haizimi taa kwa sababu fundi amelala.

Kinachoilinda ni utando wa mafuta au grisi, mwembamba kuliko unywele, unaokaa kati ya chuma na chuma ndani ya beringi. Utando huo ukikosekana, vyuma vinagusana, joto linapanda, beringi inaanza kulia. Beringi ikifa shafti inayumba, shafti ikiyumba inakata mipira ya kuzuia maji, na maji yanaingia yasikotakiwa. Jambo lililoanza na kopo moja la grisi linaishia kwenye jenereta nzima, na wodi ya wazazi inarudi kwenye taa za chemli.

Sasa, mafuta gani? Tumekuta vituo vinavyotumia oili ya injini ya gari, namba 40, kwa sababu ndiyo inayopatikana dukani. Tunaelewa sababu, lakini hatukubaliani nayo. Oili ya injini imetengenezwa ili iushike uchafu na masizi, yasitulie chini. Maji yakiingia nayo huyashika vilevile. Mafuta ya turbaini, mara nyingi namba 46 au 68 kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, yametengenezwa kwa kusudi jingine: yanayaachia maji yashuke chini ya tangi, fundi akafungua koki na kuyatoa. Katika nyumba ya mashine iliyojaa unyunyu, tofauti hiyo ni kubwa. Mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yameshachanganyika na maji. Msingoje.

Kwa upande wa grisi, wengi hudhani kuzidisha ni kuwa mwangalifu. Sivyo. Beringi iliyoshindiliwa grisi hupata joto kwa kuikoroga. Aidha, grisi za aina mbili tofauti zikichanganywa zinaweza kuyeyuka na kuvuja zote, hata kama rangi zao zinafanana. Chagueni moja, mbaki nayo.

Ndugu zetu wa umeme wa jua watatucheka, maana paneli hazizunguki (wao tutawauliza habari za betri). Lakini wa upepo wako pamoja nasi. Kule Marsabit nchini Kenya kuna mitambo ya upepo 365 karibu na Ziwa Turkana. Mapanga yake huzunguka mara ishirini na kitu kwa dakika, ilhali jenereta inataka zaidi ya elfu moja. Katikati kuna gia zinazoogelea kwenye mafuta, juu kabisa ya mnara, na fundi hana budi kupanda huko kuyakagua.

Tumeulizwa kama mafuta ya alizeti yanafaa. Vipo vilainishi vilivyotokana na mimea, na vinatumika mahali ambapo mafuta yanaweza kuvujia mtoni, kwa sababu huoza upesi. Lakini vimetengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Alizeti ya jikoni ikikutana na joto na hewa kwa muda mrefu inakuwa gundi. Iacheni kwenye mboga.

Oili chafu isimwagwe mtoni. Chini yetu kuna watu wanaochota. Iwekwe kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na ukingo, hadi ipelekwe mjini kwa wanaoikusanya.

Limebaki jambo la fedha, nalo linawahusu zaidi watunza hazina. Katika bajeti tunazoletewa tunaona mshahara wa mlinzi, nguzo, posho za vikao. Mafuta na grisi vimefichwa ndani ya “mengineyo”, na mengineyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Tunapendekeza vipewe fungu lake, na fundi aruhusiwe kununua kopo la grisi kwa sahihi ya mtu mmoja. Beringi haisubiri kikao cha robo mwaka.

Kila kituo kiliombwa kije na chupa ya mafuta kutoka kwenye mashine yake. Baada ya chai tutazipanga dirishani zitulie, na saa nane mchana tutatazama pamoja kilichoshuka chini.