Filamu ya Mfuko wa Vakyumu: Uchaguzi wa Fundi Boti wa Kyela

Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, inajua kuunda vyombo vya majini. Mwaka 2017 kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza ilishusha majini, katika bandari ya Itungi, meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000. Januari 2021 ikazinduliwa MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Zote ni za chuma. Ukielekea Matema na Ikombe, mtumbwi ndio usafiri wa kila siku, na ndio unaofikisha vyungu vya Wakisi sokoni. Kati ya meli ya chuma na mtumbwi kuna nafasi ya boti ya faiba. Makala haya yanagusa sehemu ndogo ya kazi hiyo ambayo mafundi wengi huipa uzito mwishoni: filamu, yaani karatasi ya plastiki inayofunika faiba wakati resini inapokauka.

Fundi anayelaza mkeka wa faiba kwa brashi na rola hupata kipande chenye takriban asilimia 30 ya nyuzi kwa uzito. Kilichobaki ni resini. Akitumia kitambaa kilichofumwa, akakifunika kwa filamu, akaziba kingo na kufyonza hewa kwa pampu, nyuzi zinaweza kufika asilimia 50 hadi 60. Kipande kinakuwa chepesi na mapovu ya hewa yanapungua. Kwa Ziwa Nyasa hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu maji baridi husababisha malengelenge zaidi kwenye faiba ya resini ya polyesta kuliko maji ya bahari, na malengelenge hayo hupenda kuanzia kwenye mapovu na sehemu zisizolowa vizuri.

Kinachobana filamu juu ya faiba si pampu. Ni hewa ya nje. Ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ya Kyela hubana kwa karibu kilopaskali 96, pungufu kidogo ya 101 za Dar es Salaam. Hata hivyo, kwenye mita moja ya mraba hiyo ni zaidi ya tani tisa na nusu, endapo vakyumu ingekuwa kamili. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kuvuruga yote.

Hapo ndipo uchaguzi wa filamu unapoanza. Orodha za wauzaji hutanguliza joto ambalo filamu inaweza kustahimili, mara nyingi zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Sifa hiyo ni ya viwanda vya ndege vinavyookea vipande kwenye tanuri. Fundi anayekausha boti chini ya mwembe haihitaji. Anachohitaji kwanza ni filamu inayonyumbuka. Filamu nzuri ya nailoni, yenye unene wa mikroni 50 hadi 75, huweza kuvutika mara tatu au nne ya urefu wake kabla ya kukatika, ikaingia kwenye kona ya kalibu. Isiyonyumbuka hutanda juu ya kona kama daraja. Chini yake resini hujikusanya, na kona inabaki dhaifu.

Dukani, hata hivyo, anayeomba nailoni hupewa poliethilini, ile ya kufunikia zege. Inafaa kwa kipande bapa kisichopata joto kali, na haifai kudharauliwa pale fedha ni haba. Lakini huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 110, na resini nyingi iliyojikusanya huweza kupata joto hadi karibu na hapo. Isitoshe, utepe wa kuzibia haushiki vizuri juu yake. Plastiki laini ya PVC, ya aina ya vitambaa vya meza, iachwe kabisa: staireni iliyomo kwenye polyesta huishambulia. Filamu ya polivinili alkoholi huistahimili staireni, ila huyeyuka kwenye maji. Kwa Kyela, wilaya ya mvua nyingi, jasho la kiganja tu ni tishio kwake.

Unyevu huo huo unaipendelea nailoni, ambayo hukakamaa hewa ikiwa kavu. Ihifadhiwe ndani ya kifungashio chake, mbali na jua, na isikunjwe, maana kwenye alama ya mkunjo ndipo hutoboka. Filamu ya tabaka kadhaa, nailoni ikiwa katikati ya poliethilini, hupunguza hatari ya vitundu. Ile yenye rangi, ya kijani au buluu, ni bora kuliko isiyo na rangi: kipande kikibaki kwenye faiba kinaonekana.

Kwa mfano, kwenye mfuniko wa sanduku la samaki la boti, filamu ikatwe kubwa kuliko kalibu, na kila kona iachiwe sikio: mkunjo uliosimama, uliozibwa kwa utepe pande zote mbili. Pampu ikishafyonza, ifungwe vali, geji iangaliwe kwa dakika tano. Sindano ikishuka kwa zaidi ya inchi moja ya zebaki, kuna tundu. Sikilizeni mlio wake kwenye masikio ya filamu na kingo. Jaribio hili lifanyike kabla ya kuchanganya hadena na resini, kwa sababu joto la Kyela halimpi fundi muda wa kutafuta tundu baadaye. Kwa polyesta, vakyumu isivutwe hadi mwisho. Staireni huanza kuchemka na kuacha mapovu yale yale yaliyokuwa yakikimbiwa.

Filamu iliyotumika ni taka. Katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, lililoanza 1 Juni 2019, halikulenga plastiki za viwandani, lakini ziwa halitofautishi. Isitupwe ufukweni wala kuchomwa.

Roli moja ni kubwa kwa karakana ndogo. Mafundi wa Itungi, Kiwira na Matema wachangie ununuzi, waanze na mifuniko na viti vya boti kabla ya kugusa mwili wa chombo, na wakiagiza, watamke kwanza mnyumbuko na upana, bei ifuate.